Yote Aliyoyasema Daktari

Mteja alisema mlango umepinda kama mgongo wa aliyeutengeneza, na kwamba kosa ni lake mwenyewe kumpa bubu kazi. Alisema hayo kwa sauti ya juu, mikono kiunoni, na Fundi amesimama hatua mbili mbele yake akimtazama mdomo. Fundi alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alimgeukia mkewe na kumuuliza kwa mikono, "Anasemaje?"

Mkewe hakusita. Mikono yake ilijibu, "Anasema kazi ni nzuri, ila upande wa bawaba unabana kidogo. Anaomba uupige randa."

Fundi akatabasamu, akaweka mkono kifuani kumshukuru mteja, kisha akainama kuukagua upande wa bawaba. Mteja, kwa kuona ameshukuriwa kwa matusi, alinywea akawa hajui pa kuyapeleka macho. Mlango ulipigwa randa, ukapakiwa, na kila mtu akaenda na yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mwanamke huyu. Mafundi wa vibanda vya jirani walimbandika jina la Spika, kwa kuwa sauti yote ya karakana ile ilipita kwake. Lakini spika ya kawaida hutoa kilichoingia, na huyu alikuwa anachuja. Matusi ya wateja aliyageuza maombi. Hasira za mumewe, ambaye mikono yake ilijua kutukana barabara, alizifanya kuwa "Fundi anasema upite keshokutwa." Kwa miaka kumi na mmoja alichuja hivyo na karakana ikasimama. Ungemwambia kuwa huo ni uongo angekushangaa. Yeye aliona anachambua mchele tu, watu wasivunje meno.

Siku hiyo ya mlango, mteja alikuwa anaondoka alipomwangalia Spika vizuri. "Na wewe dada, shavu limekuwaje? Matumbwitumbwi ukubwani?"

"Jino," Spika alijibu, akavuta mtandio.

Halikuwa jino. Jino lilikwisha kung'olewa mwaka uliopita, gego zima lisilo na hatia, na uvimbe ukabaki palepale chini ya sikio la kushoto, kwenye pembe ya taya. Ulikuwa mgumu, hauumi, na ulikuwa umeisukuma ndewe ya sikio hata hereni ikaning'inia upande. Fundi, asiyeamini kitu mpaka akipime, aliupima kila mwisho wa mwezi kwa rula na kuandika kwa penseli kwenye ukuta wa karakana. Safu ya namba ilipofika usawa wa bega lake, aligonga ukuta kwa kidole na kumwambia mkewe kwamba sasa basi, kesho hospitali.

*

Daktari mpasuaji alikuwa mwanamke mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, mwenye sauti ya mtu aliyeongea tangu alfajiri. Chumbani mwake mlikuwa na meza, viti vitatu, na kitanda cha kupimia ambacho mguu wake mmoja ulitegemezwa kwa kitabu kinene. Fundi aliingia, akauona mguu ule, akapiga magoti kuutikisa. Mkewe alimvuta shati.

Daktari alipapasa uvimbe kwa vidole viwili. Akamwambia Spika aachame, akamulika ndani ya shavu. "Natafuta tundu dogo, hapa mkabala na gego la juu. Mate ya tezi hii yanatokea hapa." Alilikanda shavu kutoka nje mpaka tone la maji meupe likachomoza. "Safi. Hakuna usaha. Sasa inua nyusi. Fumba macho kwa nguvu. Onyesha meno. Jaza upepo mashavuni."

Spika alifanya yote, na Fundi akacheka kimya kimya kumwona mkewe anamkunjia uso mtu asiyemfahamu.

"Uso unafanya kazi pande zote mbili," daktari alisema, akaandika. Kisha akaweka kalamu chini. "Uvimbe huu uko ndani ya tezi ya mate. Kila upande wa uso tuna tezi kubwa tatu, na hii ndiyo kubwa kuliko zote. Inaanzia mbele ya sikio, inalala juu ya taya, inazunguka nyuma yake kidogo. Majibu ya sindano uliyochomwa uvimbeni wiki iliyopita yanasema si saratani. Ila uvimbe wa namna hii ukiachwa miaka na miaka unaweza kugeuka. Na dawa ya kunywa hakuna."

Hayo Spika aliyasema kama yalivyo. Fundi aliuliza tezi ni kitu gani. "Pale panapokubana ukilamba ndimu," mkewe alimwambia, na Fundi akashika taya zake mwenyewe, akatikisa kichwa kwamba ameelewa.

"Sasa nisikilize vizuri," daktari aliendelea. "Bila tezi moja mtu anaishi. Tatizo ni neva. Neva inayoamrisha uso wote wa upande huu inatokea nyuma ya sikio, inaingia katikati ya tezi, na humo ndani inagawanyika matawi. La paji na nyusi, la jicho, la shavu, la mdomo, la shingo. Ni nyembamba kama uzi wa kushonea, na uvimbe wako umeikalia. Nitaitafuta neva kwanza, niifuate tawi kwa tawi, ndipo nitoe uvimbe pamoja na nyama ya tezi inayouzunguka. Siwezi kuudonoa peke yake. Ukidonolewa unarudi, tena vipande vipande. Kwa hiyo uso unaweza kulegea upande wa kushoto. Mara nyingi ni wiki au miezi, halafu unarudi. Mara chache haurudi. Mwambie na mumeo."

Mikono ya Spika ilibaki mapajani.

Ni lazima ieleweke alichokuwa anakifikiria, kwa sababu hakuwa mwongo wa tabia. Kwa watu wanaozungumza kwa alama, mikono ni nusu tu ya maneno. Nusu nyingine iko usoni. Nyusi zikipanda unauliza, zikishuka umekasirika, na mashavu ndiyo yanayosema kama mzigo ni mkubwa au mdogo, kama mtu alikuja polepole au mbio. Spika alijifunza alama ukubwani, kwa ajili ya mapenzi, na mikono yake haikuwahi kuwa myepesi sana. Ila uso wake ulisema. Fundi aliwahi kuwaambia rafiki zake viziwi, mbele yake, kwamba watu wanaosikia wana nyuso za ukuta, na yeye ameoa wa pekee mwenye uso. Maneno hayo alikuwa ameyaweka moyoni mahali pazuri. Sasa yalimtia hofu. Akisikia, atakataa, aliwaza. Atasema tusubiri kidogo. Na namba ukutani hazisubiri.

Akainua mikono. "Anasema atakata vizuri. Kovu litajificha nyuma ya sikio. Nitalala hapa siku tatu."

Daktari hakuwa mjinga. "Umemwambia yote hayo?"

"Ndiyo."

"Mbona mimi nimeongea dakika nzima, wewe umepunga mara tatu?"

"Lugha ya alama ni fupi, daktari."

Daktari alimtazama, akatazama mlango ambao nyuma yake benchi lilikuwa limejaa watu. "Ana swali?"

Spika alimwangalia mumewe, aliyekuwa amerudia kuukodolea macho mguu wa kitanda. "Hana," alijibu.

*

Fomu ya ridhaa ilitolewa na nesi dirishani. Nesi aliigeuza upande wa Spika, akamnyooshea Fundi kalamu kana kwamba anamnyooshea mtoto. "Huyu anajua kusaini, au nilete wino wa dole gumba?"

"Anajua."

"Anaelewa lakini?"

"Anaelewa kuliko mimi na wewe."

Fundi alizishika karatasi, akasoma polepole yaliyopigwa chapa. Chini palikuwa na mistari minne ya mkono wa daktari, mwandiko uliolala chini wote kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe. Aliweka kidole hapo. "Hapa pamesemaje?"

"Mambo ya kawaida," mkewe alijibu. "Damu, kidonda, dawa ya usingizi."

Fundi akasaini. Saini yake ilikuwa nzuri, yenye mkia mrefu, ileile aliyoichonga nyuma ya kila mlango aliouuza. Nesi aliiangalia, kisha akaiangalia tena.

*

Siku ya pili baada ya upasuaji, daktari alikuja wodini. Wifi yake Spika, dada yake Fundi, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na chupa ya uji. Fundi alikuwa upande wa kulia, akiushika mkono wa mkewe. Kutoka shingoni mwa Spika ulitoka mrija mwembamba wa kutolea damu, na ndewe ya sikio ilikuwa imekufa ganzi kiasi kwamba alipoiminya kwa kucha ilikuwa kama ameshika sikio la jirani.

"Inua nyusi," daktari alisema.

Nyusi moja ilipanda. "Fumba macho." Jicho la kulia likafumba. La kushoto lilibaki wazi, likionyesha weupe. "Onyesha meno." Mdomo wote ukakimbilia kulia.

Fundi aliuachia mkono. Akauzunguka uso wa mkewe kwa macho kama anayetafuta mahali ubao ulipopasukia.

"Neva nimeiona kwa macho yangu, nzima, matawi yote," daktari alisema. "Sikuikata. Ila imevutwa, maana uvimbe ulikuwa umeikalia miaka. Imelala. Tuipe miezi mitatu, minne, huenda na zaidi. Siwezi kula kiapo. Jicho tutalitia matone, na wakati wa kulala mlibane kwa plasta lisikauke."

"Sasa mbona hamkutuambia mapema?" Wifi alifoka. "Mnampasua mtu, anatoka nusu, ndipo mnasema?"

"Nilimwambia yeye mwenyewe. Mumewe alikuwa amekaa hapo hapo, na huyu ndiye aliyekuwa anatafsiri." Daktari alimtazama Spika, akaelewa, akajutia kinywa chake. Lakini neno lilikwisha kutoka.

Wifi alikulia chumba kimoja na Fundi. Alijua kuzungumza kwa mikono kabla hajajua kusoma, na kuchuja hakukujua kabisa. Aliiweka chupa ya uji sakafuni na kumpa kaka yake yote, neno kwa neno. Aliambiwa. Wewe ulikuwepo. Hakukuambia.

"Kweli?" Fundi alimuuliza mkewe.

Spika hakuwa na nguvu ya kutunga. "Kweli."

Fundi akafumba macho. Mtu anayesikia akikukasirikia anaweza kukupa mgongo na bado maneno yako yakamfikia. Kiziwi akifumba macho, huna pa kupitia. Alikaa hivyo muda mrefu, amekunja mikono, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kama shemeji amesinzia.

*

Nyumbani alimhudumia na hakumtazama. Spika aliona afadhali moja kati ya hayo lisingekuwepo. Fundi alimpikia uji mwepesi, akamnunulia mirija ya kunywea. Kila jioni alimkatia vipande vya plasta vya jicho, vyote urefu mmoja kasoro hakuna, akavipanga kwenye sahani, akaiacha mezani na kutoka. Mkewe akiinua mikono kusema, macho ya mumewe yalikuwa yamekwisha kwenda dirishani.

Majibu ya maabara yalitoka: si saratani, umetoka wote. Wifi ndiye aliyempelekea Fundi habari hiyo. Fundi aliitikia kwa kichwa, akauendea ukuta wa karakana, akafuta namba zote kwa msasa. Kisha akarudi kwenye kazi.

Nje mambo yalikuwa yale ya watu. Chai ilimtiririka Spika kidevuni mbele ya wageni bila yeye kujua. Bombani mama mmoja alimvuta pembeni na kumnong'oneza, "Usifiche, mwenzangu. Amekupiga, siyo? Mabubu wana hasira sana." Spika alieleza habari ya tezi, na neva, na daktari, na yule mama akaitikia ndiyo, ndiyo, kwa huruma ya mtu asiyeamini hata neno. Alirudi na ndoo nusu, amechoka mwili mzima.

Mbele ya kioo alijaribu kusema na nafsi yake kwa alama. Maswali yake yote yalitoka kama amri. Alijaribu kuinua nyusi ya kushoto kwa kidole, lakini kidole hicho ndicho kilichohitajika kusema neno linalofuata. Alicheka, na kicheko chenyewe kilivyoonekana kikamtoa machozi.

Karakanani, Wifi ndiye aliyekuwa akitafsiri sasa. Siku ya kwanza tu, mteja alisema ukimlipa bubu kabla ya kazi umekwisha, na Wifi akampa kaka yake hivyo hivyo, moto moto. Fundi alimwomba arudie. Akarudia. Mteja akafukuzwa na nusu kabati lake. Siku ya pili walifukuzwa wawili. Siku ya nne akaja mwenye duka la vitanda, mteja wa miaka sita, mtu ambaye Fundi alimpokea siku zote kwa mkono kifuani. Aliingia akicheka: "Kinyago yuko wapi? Mwambieni Kinyago nataka vitanda vinne."

Wifi alitafsiri. Fundi hakumfukuza huyu. Alikaa kwenye benchi la randa, akayaangalia maranda yaliyojaa sakafuni, na mwenye duka akaondoka mwenyewe akiuliza kama Fundi anaumwa.

*

Jumapili asubuhi karakana ilikuwa imefungwa, mlango mdogo tu uko wazi. Spika alikwenda kufagia kwa sababu nyumbani kulikuwa na ukimya asioweza kukaa nao. Alimkuta mumewe ameketi. Aliposhika ufagio, Fundi aligonga benchi kwa ngumi mara mbili ili mtikisiko umfikie miguuni, kama walivyozoea kuitana. Akageuka. Mumewe alikuwa anamtazama usoni, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na saba.

"Miaka sita ananiita Kinyago," Fundi alisema.

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwa unaniambia anasemaje?"

"Rafiki yangu. Nilikuwa nasema anakuita rafiki yangu."

"Na mimi namshukuru. Watu wamesimama hapa wananiona namshukuru." Alionyesha mlangoni kwa kidole. "Walicheka?"

Spika alifikiri kusema hapana. "Wengine," alisema.

Fundi aliinama, akasugua uso kwa viganja, akauinua. "Ningevunja watu meno, najua. Tusingekuwa na karakana. Hilo nimelifikiria wiki nzima, na siwezi kukulaumu lote. Lakini daktari si mteja. Ulidhani ningesema nini?"

"Ungesema tusubiri. Uliwahi kusema umeoa mwenye uso."

"Nilisema." Alimwangalia upande uliolala, kisha upande unaoishi, kisha pande zote mbili. "Ukafikiri kwa sababu hiyo ningekuacha na kitu kile kikikua. Miaka kumi na mmoja, na mimi ndivyo unavyonijua?"

Spika alitaka kuomba msamaha na akaona ukitoka na uso ule utaonekana kama anazungumzia mbao. Fundi alisimama, akavuta stuli, akaiweka katikati ya karakana juu ya maranda. Akavuta benchi dogo mkabala nayo, akaketi, akapiga nafasi iliyo kando yake kwa kiganja.

"Daktari huyo amekaa," alisema, akionyesha stuli. "Ni siku ile. Mimi sijui kitu. Anza."

"Sasa hivi?"

"Yote. Usinichambulie."

Spika aliketi. Akaanza na tezi, kubwa kuliko zote, inayolala juu ya taya. Akasema ukiudonoa uvimbe unarudi vipande vipande. Akasema neva, na kwa kuwa hakuijua alama yake, aliichora kwa kidole nyuma ya sikio lake lisilohisi, akaiingiza shavuni, akaitoa matawi: paji, jicho, shavu, mdomo, shingo. Nyembamba kama uzi wa kushonea. Pale nyusi zilipohitajika, alisimamisha mikono, akaisukuma ile ya kushoto kwa kidole, akaendelea, na Fundi alimsubiri kila mara. Alisema uso unaweza kulegea. Alisema wiki au miezi. Alipofika kwenye mara chache haurudi, macho ya mumewe hayakwenda popote.

"Akasema mwambie na mumeo," Spika alimalizia. "Halafu akauliza kama una swali."

"Ukamjibu?"

"Nikamjibu huna."

Fundi alinyoosha mkono juu, kama mwanafunzi darasani. Aliielekea stuli, si mkewe, na uso wake ulikuwa na ile adabu aliyokuwa akiwapa watu wenye miwani na kalamu.

"Ninalo," alisema. "Muulize, ataumia sana?"

Spika aliigeukia stuli tupu. Hakuna mwingine aliyejua jibu. Mikono yake ilikuwa imekwisha kupanda kusema kidogo tu, kwa mazoea ya miaka yote, na akaishusha mapajani, akaishikanisha mpaka ikatulia. Kisha akaipandisha upya.

"Sana," alimwambia.